Muziki Juu ya Sauti ya Mama

9 Januari

Mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, na wifi naye azipokee, na huyo binti yenu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Sisi hatujambo. Mgongo wa shemeji yako umepona, ila maumivu yamehamia kwenye goti, kwa hiyo malalamiko ni yale yale. Watoto wanasoma. Mimi bado niko mapokezi kwa daktari wa meno, nawaambia watu "wala haiumi" huku sote tunasikia mashine inavyolia kule ndani. Mjomba anakusalimu. Au niseme, nilipomwambia nakuandikia hakukataa kukusalimu.

Najua utashangaa kuona karatasi. Kwenye simu kila nikifika kwenye jambo lenyewe unaniambia msimamizi anakuita. Karatasi haina msimamizi.

Jambo ni hili. Mwezi wa tano tutatimiza mwaka tangu tumzike Mama. Tumekubaliana ndugu wote tukutane hapa nyumbani tumkumbuke. Nina video zake nyingi nilizochukua kwa simu miaka yote niliyokaa naye akiugua. Ni vipande vipande: anamenya viazi, anamgombeza paka wa jirani, anaimba huku anajitungia maneno mengine, anacheka mpaka anajishika mbavu. Wifi aliniambia umejifunza kuunganisha video kwenye kompyuta. Tuunganishie basi ziwe filamu moja, watu waitazame sebuleni. Usiipambe. Nataka tu tukae chini tumsikie.

Simu yangu ilijaa, kila nikitaka kupiga picha inaniambia hakuna nafasi. Kwa hiyo video zote nimezihamishia kwenye hii kadi ndogo niliyoibandika kwa gundi ya karatasi chini ya barua. Yule dereva wa malori uliyesoma naye ndiye atakayekufikishia. Sina nakala nyingine. Itunze.

Dada yako


20 Februari

Dada, shikamoo.

Barua na kadi vimefika, dereva alinikabidhi mwenyewe mkononi. Huku tunaendelea. Kazi ya ghala la baridi unaijua: nje jua linachoma, ndani ndevu zinaganda. Tunavaa makoti mazito kutwa nzima kama watu wanaojiandaa na safari isiyoondoka. Binti ameota jino la kwanza na amelitumia kuning'ata. Wifi yako anakusalimu.

Kazi yako nimeshaianza. Programu za kununua ni za wenye studio, mimi siziwezi. Kuna moja wanakuruhusu uonje, lakini ukimaliza kazi wanakupigia mhuri katikati ya picha. Nilijaribu kipande kimoja cha Mama, kikatoka na maandishi "toleo la majaribio" usoni kwake, kutoka sikio hadi sikio. Nikaifuta siku hiyo hiyo. Ninayotumia sasa ni ya bure kabisa. Inatengenezwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia, hawakudai chochote. Unatandaza vipande kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, unakata usichokitaka, unasogeza, unaunganisha. Nina na nyingine ya picha, ya bure pia. Hiyo inaweza kumtoa mtu kwenye picha, kumwingiza mwingine, hata kuupaka rangi ukuta uliobanduka. Wenzangu ghalani sasa wananiita Studio.

Tatizo ni sauti. Kuna upepo, kuna redio, na wewe uko karibu mno na simu, unamfunika Mama. Nitajua la kufanya.

Nitumie na ile picha ya makaburini, ile mliyopiga ndugu wote mmesimama. Nataka iwe ya kufungia. Na samahani tena kwa siku ile. Unajua walivyoninyima likizo.

Mdogo wako, Kitinda


11 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mtoto anaendelea kung'ata vizuri. Hapa goti limevimba, kwa hiyo mwenye goti hainuki hata kufungua mlango, na mtoto wangu wa kwanza anasema anataka kuwa daktari wa meno kwa sababu "unakaa kwenye kiti na mtu hawezi kukujibu". Nilicheka.

Picha ya makaburini hii hapa, usiikunje.

Siku ya mazishi ulituma ujumbe kwamba binti ana homa kali. Sasa naona imekuwa likizo. Sigombi, nakukumbusha tu usije ukajichanganya mbele ya Mjomba, maana yeye hasahau.

Halafu hiyo sauti yangu. Kitinda, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu. Ukitazama video zote kuanzia mwanzo hadi mwisho hutaniona hata ukucha. Humo ndani nimo kwa sauti tu. Na Mama kipindi kile alikuwa hasemi mpaka aulizwe. Nikimuuliza, anajibu. Nikinyamaza, anatazama dirisha. Ukinitoa mimi umemtoa na yeye. Acha upepo, acha redio, acha kila kitu kama kilivyo.

Dada yako


28 Aprili

Dada, shikamoo.

Naandika mbio mbio, dereva ananisubiri nje na injini inawaka. Picha ilifika salama, asante. Filamu imekamilika! Iko kwenye hii flashi, ichomekeni tu nyuma ya televisheni. Nimetoa jasho humo, Dada. Wifi yako ameitazama akalia. Mwishoni kuna zawadi yenu, mtaiona.

Mimi sitaweza kuja, ghala linapokea mzigo mkubwa mwezi wa tano wote. Lakini kwa filamu hii nitakuwa nimekuja.

Mdogo wako, Kitinda


19 Mei

Kitinda,

Wazima? Sisi wazima. Leo salamu ni hizo.

Watu walikuja wengi. Tuliazima viti kwa jirani mpiga pasi, na viti havikutosha, watoto wakakaa sakafuni. Mjomba alipewa kochi peke yake kwa heshima. Shemeji yako akachomeka flashi yako. Nikawaambia, "Jamani, kaeni kimya tumsikie Mama."

Ukaanza muziki. Kinanda. Nikajua ni cha kufungulia tu, kitaisha. Akatokea Mama anamenya viazi, mdomo unachezacheza, na kinanda kinaendelea. Mama akamnyooshea paka kidole, kinanda. Mama akaanza kuimba, nikauona mdomo wake ukiimba, na kinanda chako kikampita kama hayupo. Mtoto wangu mdogo akaniuliza kwa sauti kubwa, "Bibi amekuwa bubu?" Hakuna aliyemnyamazisha.

Nilichukua rimoti nikaongeza sauti, nikidhani ni televisheni. Kikaongezeka kinanda.

Siwezi kusema ni mbaya. Mikato yako ni mizuri, rangi umezing'arisha, hata ukuta wetu wa jikoni umeupaka. Shangazi zetu walilia kama unavyopenda watu walie. Halafu binamu mmoja, hana ubaya wowote, akaniambia, "Kazi nzuri kweli. Lakini dada, mbona wewe humo? Si ndiye uliyekaa naye?" Nikasema nilikuwa nimeshika simu. Akasema, "Ahaa," kwa ule ule mtindo ambao mgonjwa wangu husema akiambiwa haiumi.

Ikaja zawadi yako. Picha ya makaburini ikafunuka pole pole, imejaa kioo kizima, na wewe umesimama kati yangu na Mjomba. Suti nyeusi. Mkono wako begani kwangu.

Wote waliokuwa wamekaa pale ndio waliokuwa wamesimama kule. Mjomba akavaa miwani, akasogea mpaka karibu kuigusa televisheni.

"Huyu alifika lini?" akauliza.

Akakigonga kioo kwa kidole.

"Nauliza, huyu alifika lini? Maana jeneza lilibebwa na watu watano, upande mmoja ukawa unalala, nikaitwa mimi na uzee huu nikashike. Kama alikuwepo alikuwa amesimama wapi?" Akatazama tena. "Na hebu oneni. Sote tuna vivuli. Yeye hana."

Kuna mtu akacheka. Na akicheka mmoja kwenye msiba unajua kinachofuata. Walicheka mpaka shangazi yetu akatoka nje. Siku ya Mama iliishia hapo, kwenye kivuli chako. Wakati wa kuaga watu walikuwa bado wanapigana mabega: "Utakuja kwenye harusi? Hapana, nitaingizwa kwa kompyuta."

Sikucheka. Nilikuwa nautazama ule mkono begani kwangu.

Nirudishie video zangu kama nilivyokupa. Filamu kaa nayo.

Dada yako


30 Juni

Dada, shikamoo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu, nisije nikasema la kujutia. Huku wote wazima, wifi anasalimu, binti anasimama kwa kushika viti.

Nimefanya kazi ile miezi miwili, natoka ghalani vidole havikunjiki, nakaa kwenye kompyuta. Sikulipwa, sikuomba kulipwa. Malipo yangu ni kuchekwa na Mjomba. Sawa.

Sauti haikufaa, Dada. Ungeisikia kwenye spika za maana ungeelewa. Ilikuwa ni wewe tu, "Mama huyu nani, Mama sema hivi, Mama tazama huku," kama mwalimu na mwanafunzi aliyefeli. Nilidhani namhifadhia heshima yake. Watu wamwone alivyokuwa, wasimsikie alivyokuwa anapotea.

Na ile picha, ndiyo, nilijiweka. Nilipigwa picha hapa nyumbani nimesimama mbele ya shuka jeupe, wifi yako ameshika simu. Binti yangu atakua ataulizia bibi yake. Nilitaka siku hiyo aone baba yake alikuwepo. Wewe ulibaki na miaka yote ile, mimi nilibaki na nini? Hata picha moja mnaninyima?

Video zipo. Nitakutumia nikipata nafasi.

Kitinda


22 Julai

Kitinda,

Salamu kwenu wote.

Miaka yote ile niliyobaki nayo ilikuwa ya kubadilisha mashuka. Kama ulikuwa unaionea wivu ungesema, ningekugawia.

Dereva anapita kwenu wiki ijayo. Mpe kadi yangu ile ile. Huhitaji kuandika chochote, bandika tu.

Dada


3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Najua dereva alikuja mara mbili akaondoka mikono mitupu. Mara ya pili nilimwona dirishani nikamwambia wifi aseme niko kazini.

Video hazipo.

Acha nieleze jinsi ilivyokuwa. Kadi yako niliimimina yote kwenye kompyuta, nikahakikisha imehama, ndipo nikaifuta na kumpa wifi yako aiweke kwenye simu yake. Kompyuta yangu ni kuukuu, na nilipofika hatua ya mwisho ya kuitoa filamu ikagoma, imejaa. Nikaitoa kwa taabu, usiku na mchana inaunguruma. Ilipotoka nikaona vile vipande nilivyokwisha kuvitumia vya nini tena, si vimo ndani ya filamu? Nikavifuta. Nikamwaga na pipa la taka la kompyuta.

Ulipoviomba nikaifungua programu, nikijua kazi yangu yote imehifadhiwa humo na kila kipande na sauti yake. Ule mstari ulikuwepo, na mikato yote. Lakini kumbe programu haihifadhi video zenyewe. Inakumbuka tu zilikuwa zimekaa wapi, halafu inakwenda kuzichukua. Ikaenda, haikuzikuta. Kila mahali palipokuwa na Mama paliandikwa "faili halipatikani".

Nilitafuta programu nyingine, nayo ya bure, ya kufukua vilivyofutwa. Niliiacha ikafukua kwenye kompyuta na kwenye kadi. Ilileta takataka: majina ya ajabu, video zisizofunguka, mistari ya kijivu, pua ya Mama, nusu ya sufuria. Sauti hakuna. Ndiyo maana nilikaa kimya. Nilikuwa nasema kesho nitapata.

Kimebaki kimoja. Mwanzoni kabisa, kabla ya kukata chochote, nilitenga folda ya vipande visivyofaa. Sikuitumia, kwa hiyo sikuifuta. Humo kilikuwamo kimoja tu, na unakijua. Ni siku ile niliyokuja, mwaka mmoja kabla Mama hajafariki, ulipotaka kutupiga video mimi na yeye kwenye kochi. Nilikitazama mpaka pale aliposema mimi ni fundi bomba, nikakifunga. Sijawahi kuendelea.

Nakutumia hicho, kiko kwenye kadi yako. Wifi yako ameirudisha mwenyewe, na hasemi na mimi.

Kuhusu mazishi usiniulize tena, tafadhali.

Kitinda


25 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu kwako, na za pekee kwa wifi kwa kuitoa kadi kwenye simu yake. Goti la shemeji yako limepoa. Mjomba alilazwa kidogo, ametoka, anakula.

Barua yako niliisoma kazini, mbele ya wagonjwa. Mama mmoja akaniuliza kama na mimi jino linaniuma. Nikamwambia ndiyo.

Sina maneno ya kukuambia kuhusu ulichofuta. Niliyatafuta siku kadhaa, kila niliyoyapata nikaona ni madogo. Asubuhi nikiamka, bado naisikia sauti yake kichwani, lakini naona imeanza kufanana na yangu, na sina tena mahali pa kwenda kuilinganisha. Hilo ndilo ulilonifanyia, na sidhani kama litaisha. Usinitumie tena kitu chochote ulichotengeneza. Wala usije mwaka huu. Nitakuandikia mimi, nikiweza.

Lakini kipande hiki nimekisikiliza, na kwa kuwa unasema hukufika mwisho, nakuandikia kilichomo. Nakiandika kama kilivyo.

Mama anauliza, "Huyu nani?" Mimi nasema, "Ni mwanao, Mama. Kitinda." Anasema, "Mwanangu ni mdogo, huyu ana ndevu. Huyu fundi bomba. Mwambie bomba limeshapona, aende." Hapo unasikika unacheka, halafu unasema unatoka mara moja dukani. Mlango unafungwa. Hukurudi, ulichukua basi la jioni, na begi lako likabaki chumbani. Nilidhani una haraka ya kazi. Leo najua haikuwa likizo, wala haikuwa homa.

Simu niliiweka mezani nikasahau kuizima. Kuanzia hapo kinachoonekana ni dari tu.

Mama anasema, "Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Na wewe unaondoka saa ngapi?"

"Mimi siondoki, Mama."

"Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni wa kukuogesha."

"Ahaa. Unalipwa na nani?"

"Nalipwa, usijali."

Redio ya jirani inasikika. Halafu anasema taratibu, kama mtu anayemwachia mlinzi maagizo: "Nina watoto wawili, wa kike na wa kiume. Wakija usiwafungie mlango."

Aliniuliza mimi ni nani kila siku, Kitinda. Nilidhani unajua. Siku ile nilimwambia nitawafungulia wote wawili, nikaona simu bado inarekodi, nikaizima, nikaenda kumpashia maji ya kuoga.

Dada yako